Mama Mkwe wa Kiti cha Tatu

Tangu nirudi Nakuru simu yangu haijapumzika. Kila mmoja wenu anauliza yale yale. Ni kweli nilijikuta na fahali mkononi? Ni kweli nilidhaniwa mke wa pili? Na yule mama, ni kweli alifanya alichofanya? Nimesimulia kwa simu hadi sauti imekauka, na kila nikisimulia nasahau kitu. Basi someni hapa mara moja, halafu mniache nilale.

Kwa wasiojua kazi yangu (na mama yangu yumo, maana huwaambia wenzake kanisani Wundanyi kwamba binti yake Mghoi anaandika habari za michezo, kisha hubadilisha mazungumzo kabla hawajauliza mchezo gani), mimi huandika habari za poka. Wachezaji wanakaa mezani, mimi nasimama nyuma ya kamba na daftari. Naandika nani kaongeza chipu, nani katupa karata na kujitoa, nani kajikuna shingo. Kucheza mwenyewe siwezi. Nikipata karata nzuri natabasamu kama bibi harusi.

Mwezi uliopita nilikuwa Migori kwenye mchujo wa ligi ya kanda. Ligi hii haina pesa mezani. Watu wanacheza chipu za plastiki tu, na mshindi wa kanda anapewa kombe na kiti kwenye fainali ya taifa Nairobi. Migori ilikuwa itoe watu wawili wa kwenda Homa Bay kwenye fainali ya kanda. Waliofaulu ni Mama Filgona wa kiti cha tatu, mchuuzi wa samaki kutoka Karungu, na Odoyo wa kiti cha saba, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Kosele. Kwenye ripoti yangu niliandika hivi: "Kwa saa tano, kiti cha tatu na kiti cha saba hawakugusana hata mara moja."

Niliipenda sana sentensi ile, kwamba hakuna aliyewania chipu za mwenzake, hata nikamsomea jirani yangu.

Kumbe aliyekuja wa tatu akaachwa nje, Daktari Kibet, mganga wa meno kutoka Eldoret, naye aliisoma. Akaipeleka kwa mwamuzi mkuu kama ushahidi. Katika poka, wawili wakihurumiana wanawaibia wengine wote mezani, na kosa hilo halina msamaha. Mwamuzi mkuu, Bi. Wangeci, akawasimamisha wote wawili. Waje Homa Bay asubuhi ya fainali wajieleze, la sivyo wafutwe kwenye ligi maisha. Odoyo hakujibu simu. Mama Filgona alijibu mara moja tu. Alisema, "Hiyo si maneno ya simu," akakata.

Niliona haya. Nimeandika poka miaka kumi na sijaona mtu anayesoma meza kama yule mama. Na nilijua, kama mnavyojua jambo bila kuwa na sababu, kwamba hakuwa mwizi. Ulimi hauna mfupa, na kalamu yangu imethibitisha haina breki. Zilibaki siku nne. Nikafunga begi.

Nakuru hadi Migori

Hadi Rongo safari ilikuwa nzuri kupita kiasi, jambo ambalo lilipaswa kunishtua. Karibu na Awendo trekta lilikuwa limemwaga miwa barabara nzima, likajilaza juu yake. Basi likazima injini. Abiria wakashuka, na katika muda wa kufumba na kufumbua kila mmoja alikuwa na kipande cha muwa mdomoni, pamoja na dereva wa trekta mwenyewe.

Nilikuwa nimeketi na mzee mmoja Msabato, muuza mabati wa Migori, suti ya kijivu na Biblia yenye zipu. Aliniuliza kazi yangu. Nilikuwa nimechoka, nikamwambia ukweli. Akafunga zipu ya Biblia kana kwamba karata zingeingia humo.

"Binti yangu, hiyo karata ni kamba ya shetani," alisema.

"Huwa sichezi, mzee. Naandika tu."

"Hata Pilato hakusulubisha. Alinawa tu mikono."

Nikatafuna muwa wangu. Tulikaa hapo saa mbili na nusu. Saa ya kwanza ilikuwa ya mahubiri. Saa ya pili aliniuliza, kwa sauti ya chini, kama ni kweli mtu anaweza kushinda bila karata yoyote ya maana. Nikamweleza kwamba inawezekana, mwenzako akiamini unazo. Akafikiri sana. "Hiyo ni kama mimi na wale watu wa kandarasi," alisema. Barabara ilipofunguliwa alikuwa ameshaniuliza jozi ni nini, tatu za namna moja ni nini, na tano za rangi moja zinashinda nini. Tuliposhuka Migori alinipa mkono akasema ataniombea, na nadhani alimaanisha.

Nilikula nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja yakakaangwa kwa kitunguu, na chai ya maziwa vikombe viwili, nikalala na njaa ya kuomba msamaha.

Migori hadi Ogwedhi

Watu wa stendi waliniambia nikimtaka Odoyo nisihangaike na Kosele. Kesho yake ilikuwa siku ya mnada Ogwedhi, na Odoyo haukosi. Nikapanda bodaboda. Vumbi lilinibadilisha rangi mara mbili, maana udongo ule hubadilika njiani.

Soko la Ogwedhi limejaa Waluo, Wakuria na Wamaasai kutoka upande wa Narok, na ng'ombe wengi kuliko wote hao. Dalali mmoja akanikaribia akivuta fahali mwekundu.

"Madam, angalia mgongo ya hii kitu. Angalia kifua."

Mezani huwa nainamisha kichwa kumwonyesha mwamuzi kwamba nimeona na nimeandika. Ni mazoea ya miaka kumi. Nikainamisha kichwa. Dalali akataja kitu, nikainamisha tena kwa adabu. Akataja kingine, nikainamisha. Akapiga makofi, watu wawili wakanipongeza, na kamba ya fahali ikawa mkononi mwangu.

Mnadani, rafiki zangu, kichwa kikiinama ni kununua.

Nilijaribu kurudisha kamba. Dalali alikataa na kuuliza kama naona watu hapa ni watoto. Umati ukakua. Fahali akaanza kula ukanda wa begi langu. Ndipo nikasikia mtu akicheka nyuma yangu, cheko la kutoka tumboni. Alikuwa Odoyo, fimbo begani na kofia ya kaki kichwani. Alisema maneno machache ya Kijaluo, kamba ikatoka mkononi mwangu, ikaenda kwa mnunuzi mwingine, na hakuna aliyekasirika tena.

"Wewe ndiyo ule wa daftari," aliniambia, cheko likiisha.

"Ndiyo."

"Umekuja kuandika ingine?"

"Nimekuja kurekebisha ile ya kwanza."

"Mimi niko kazi," alisema, akaondoka.

Nikakaa kwenye kibanda cha nyama choma na kumtazama tangu asubuhi hadi alasiri, maana kutazama ndiyo kazi ninayoijua. Alikuwa akiuza ng'ombe kwa macho. Mnunuzi akitaja bei, Odoyo anamkazia macho hadi mtu anaongeza mwenyewe. Hakuna aliyemfanya ainame, wala Mmaasai mrefu aliyekuja na wenzake watano. Nikatoa daftari la Migori na kufungua kurasa za nyuma. Huwa naandika kila kitu, hata upuuzi. Nikaona kitu ambacho sikukiona mwezi mzima.

Alipokuja kula, nikamwekea daftari mbele yake.

"Huku hushushi macho kwa mtu yeyote. Migori ulishusha kofia mara arobaini na mbili. Kila mara ni zamu ya kiti cha tatu. Yule mama ni nani kwako?"

Alitafuna nyama yake pole pole, akameza, akafuta mikono.

"Ni maro," alisema. "Mama ya bibi yangu."

Mimi ni Mtaita, na kwetu pia mkwe ni mtu wa heshima. Lakini Odoyo alinieleza mambo ambayo siku hizi wengi wameyaacha na watu wa nyumba ile hawajayaacha. Mkwe hamtazami maro usoni. Hampi mkono ovyo. Hali naye chumba kimoja. Na yeye Odoyo mzigo wake ulikuwa mzito zaidi. Tangu aoe miaka tisa iliyopita hajawahi kwenda rasmi kula kwao mkewe, kila mwaka kuna sababu, na mkwe ambaye hajala hapaswi hata kuonekana uani.

"Mimi sikujua anacheza," alisema. "Yeye hakujua nacheza. Naingia ile chumba, naona maro ameketi na miwani, amepanga chipu kama dagaa ya omena kwa mkeka. Nikitoka, watu watauliza. Nikikaa, nitafanya nini? Nimrarulie maro chipu yake?"

"Mbona hukumwambia Bi. Wangeci?"

"Nimwambie halafu wewe uandike? Karungu yote isome kwa simu eti Odoyo alikataa kula kuku ya maro, lakini karata alikubali?"

Nikamuuliza kama kwenye fomu ya kujiunga na ligi hawakuulizwa juu ya jamaa.

"Fomu iliuliza ndugu wa damu, bibi ama bwana. Sasa maro ni damu?"

Hawakuwa wamedanganya! Nikamwambia twende Karungu tukamsihi mama naye aseme hivyo mbele ya mwamuzi. Aliniangalia kana kwamba nimemwambia avue nguo sokoni. Hatimaye alimpigia mkewe, Atieno, aliyekuwa nyumbani Kosele. Nilisikia kicheko cha mwanamke kikitoka kwenye simu hadi kibandani. Amengoja miaka tisa, alisema. Atatoka alfajiri apitie Homa Bay, wakutane kwa mamake. Na mume asithubutu kwenda mikono mitupu.

Ogwedhi hadi Karungu

Tulitoka asubuhi kwa pikapu ya Odoyo, mbuzi mmoja nyuma. Tulipofika Migori alisimama kununua sukari. Tukaenda kidogo, akasimama kununua unga na majani ya chai. Nikamwambia sasa imetosha. Mbele kidogo alisimama tena, akakaa na mikono kwenye usukani, akauliza kama blanketi linafaa kwa mtu anayekaa karibu na ziwa. Nikasema linafaa. Alirudi na mablanketi matatu. Mtu aliyewatoa jasho Wamaasai watano alikuwa akitetemeka kwa ajili ya mama mmoja mwenye miwani, na kila hofu ilipompanda alinunua kitu. Tulifika Karungu alasiri, pikapu imeshuka chini kama ya mtu anayehama.

Na Atieno alikuwa hajafika.

Fikirieni sasa walichoona watu wa boma lile. Mkwe ambaye hajafika kwa miaka tisa anaingia ghafla bila mke wao, amejaza pikapu zawadi, na mbele kando yake ameketi mwanamke wa mjini mwenye suruali. Dada yake Mama Filgona alitoka nyumbani, akatutazama, akafunga leso kiunoni kwa mafundo mawili.

"To mae en ng'a?" aliuliza. Huyu naye ni nani? Hilo sikuhitaji kutafsiriwa.

Odoyo akainamisha kichwa na kunyamaza, jambo baya kuliko yote ambayo angeweza kufanya. Nikashuka nikasema mimi ni mgeni tu, nimetoka Nakuru, mimi na Odoyo tunajuana kwa kazi.

"Kazi gani?"

Nisingeweza kusema karata. Nikasema, "Kazi ya mezani."

"Ameleta mke wa pili!" mama yule alipaza sauti kwa Kiswahili ili nami nisikose. "Amemleta kwa nyumba ya mama ya wa kwanza, na mbuzi juu yake!"

Watu wakaja kutoka kila upande. Nilisimama pale nikikanusha, na mnajua mtu akikanusha sana anavyoonekana. Ilituchukua karibu saa nzima tukiwa juani, mbuzi akilia, hadi Atieno aliposhuka kwenye pikipiki na mtoto mgongoni. Mama yake mdogo akamkimbilia na habari. Atieno akanitazama juu hadi chini, akacheka.

"Huyu si mke mwenza! Huyu ndiye alituchoma kwa mtandao!"

Mama mdogo alifungua leso, akaifunga upya. Nadhani mke wa pili angemsamehe mapema zaidi.

Mama Filgona hakutoka muda wote huo. Sasa aliita kutoka jikoni, "Nyar Taita, kuja hapa." Binti wa Taita, ndio mimi. Odoyo akaingizwa sebuleni na wanaume, mimi nikaenda kushtakiwa.

Alikuwa anasonga ugali, miwani imefungwa kwa uzi shingoni. Alinionyesha kigoda.

"Uliandika ukweli?"

"Ndiyo, mama. Lakini nusu."

"Ukweli nusu ni kama ugali haijaiva. Macho inaona ugali. Tumbo ndiyo itajua."

Nikamwomba msamaha, na sikuuomba kwa mdomo tu. Alinisimulia alivyojifunza karata na wachuuzi wenzake, wakingoja mashua ufukweni asubuhi, atakayeshindwa ndiye wa mwisho kuchagua samaki. "Nilikuwa nachagua wa kwanza kila siku," alisema, akacheka kidogo, nami nikapumua.

Kisha kazi yangu ikaanza. Kwa kuwa yeye na Odoyo hawawezi kukaa chumba kimoja mkwe akila, na alikuwa na mambo ya kusema, mimi nikawa njia. Mwambie amekaribishwa. Mama, anasema asante. Mwambie ale firigisi yeye mwenyewe, asimpe mtu. Mama, anaila. Mwambie mbuzi ni mzuri, lakini mablanketi matatu ni ya nini? Mama, anasema ni ya baridi.

Ndipo akauliza swali ambalo ningependa kulisahau.

"Muulize ile mkono kubwa ya Migori. Tulikuwa watatu, mimi nikaongeza chipu nyingi, daktari akatupa, na yeye akatupa. Yeye alitupa nini?"

Nikaenda, nikauliza, nikarudi.

"Alitupa jozi ya kumi, mama."

Mwiko ulisimama.

"Jozi ya kumi? Mimi nilikuwa na takataka! Mbili na saba!" Alikaa chini. "Nyar Taita, mimi nimeota hiyo mkono mwezi mzima. Nilisema, Filgona, umewatisha wanaume wawili na takataka. Kumbe huyu alikuwa ananiheshimu."

Nikachukua mwiko, nikaendelea kusonga.

"Kwa hivyo Migori sikushinda," alisema. "Nilipewa."

Hapo ndipo nilipoelewa kilichokuwa kimepotea. Mimi nilidhani tunakwenda Homa Bay kuokoa jina lake. Jina alikuwa nalo, Karungu nzima inamjua. Alichonyang'anywa ni ushindi wake, na aliyemnyang'anya alikuwa sebuleni akila kuku kwa heshima zote.

Akasimama, akapakua ugali.

"Mwambie hivi. Ameshakula kwangu, sasa ni mtoto ya nyumba. Kesho nitaenda, nitasema mbele ya ule mwamuzi kila kitu, aibu ni yangu nitabeba. Lakini kwa ile meza hakuna maro. Nitakuja kumla, na yeye anile. Akinitupia karata nzuri tena, asikanyage hapa."

Nikapeleka. Odoyo alisikiliza akitazama sahani. "Mwambie nimesikia," alisema.

Karungu hadi Homa Bay

Hatukuweza kusafiri pamoja, maana mkwe na maro kiti kimoja cha pikapu haikubaliki, hata baada ya kuku. Mama Filgona akatangulia asubuhi na gari la samaki, ameketi mbele kando ya dereva na mkoba mapajani. Sisi tukafuata kupitia Ndhiwa na Rodi Kopany, na kila tulipolikaribia gari lile Odoyo alipunguza mwendo ili asimpite maro barabarani. Dereva wa samaki alisimama mara tatu kuuza. Nasi tukasimama mara tatu, mbali kidogo, kama askari wa upelelezi.

Nilimuuliza Odoyo kama ataweza. Alisema kucheza si shida, shida ni macho.

"Poka bila kuangalia mtu ni bahati nasibu," alisema. "Na mimi ile uso sijawahi kuiangalia. Sijui hata kama akifurahi anakaa aje."

Homa Bay

Bi. Wangeci ni mwanamke mfupi anayesoma sheria akiwa amesimama. Ukumbi wa hoteli ulikuwa umejaa. Daktari Kibet alikuwa safu ya mbele, tai shingoni, ingawa hakuwa anacheza.

Nilianza mimi. Nilisoma sentensi yangu kwa sauti, nikasema kila neno lake ni kweli na mimi nilikosa kwa kutouliza sababu. Kisha Mama Filgona akasimama, akasema yote, kuanzia ndoa ya binti yake hadi kuku wa jana. Hakuna aliyecheka. Wazee wawili nyuma walitikisa vichwa kama watu wanaosikia jambo la kawaida kabisa.

"Sheria ni sheria," alisema Daktari Kibet. "Mimi pia nina mama mkwe."

Bi. Wangeci akasoma fomu mara mbili. Ndugu wa damu, mke, mume. "Fomu haikuuliza, na wao hawakudanganya," alisema hatimaye. "Kosa la fomu ni letu. Lakini la kuhurumiana ni lenu. Mtacheza leo, na nitasimama hapa hapa. Mkihurumiana mara moja tu, mmekwisha nyote wawili."

Wakapiga kura ya viti. Mama Filgona akapata cha tatu tena, Odoyo cha saba, uso kwa uso.

Wachezaji nane walipungua hadi wanne kufikia saa nane. Wale wawili waligusana mara kadhaa, chipu ndogo ndogo, Odoyo na kofia yake chini. Nilikuwa naandika kila karata. Ndipo Mama Filgona akarekebisha miwani na kusukuma chipu zake zote katikati. Wawili wakatupa. Ikabaki zamu ya Odoyo.

Akavua kofia, akaiweka mezani. Kisha akainua kichwa akamtazama mama mkwe wake usoni, wazi wazi, mbele ya watu wote. Nilisikia wale wazee nyuma wakivuta pumzi. Alimtazama muda mrefu, naye mama hakupepesa. Sikumbuki kuandika chochote.

Odoyo akafunua karata zake juu ya meza. Kingi mbili. Akazisukuma kando, akazitupa.

Kwa wasiojua: kingi mbili zinashindwa na jozi moja tu kabla karata za mezani, zile zinazotumiwa na wote, hazijafunuliwa, esi mbili. Mtu hatupi kingi mbili. Wengine wamecheza maisha yao yote hawajawahi.

"Mnaona!" Daktari Kibet alikuwa wima. "Mnaona! Wamerudia!"

Bi. Wangeci akapiga hatua moja kuelekea mezani. Alimuuliza Odoyo kwa nini ametupa.

"Ana esi mbili," alisema Odoyo. "Nimemwona."

Mama Filgona hakulazimika kuonyesha kitu. Mchezaji ambaye wote wamemtupia karata huchukua chipu zake na siri yake. Lakini alifunua moja, esi. Akangoja kidogo, nadhani kwa raha zake. Akafunua ya pili.

Ukumbi ulilipuka. Watu walipiga meza, walipiga mabega ya watu wasiowajua. Mganga wa meno, safari hii mdomo uliobaki wazi ulikuwa wake, na nitamheshimu siku zote kwa sababu ndiye aliyekuja kuwa wa kwanza kupiga makofi ya kusimama. Bi. Wangeci alirudi nyuma hatua ile moja.

"Kumbe unaona," Mama Filgona alimwambia mkwewe.

"Naona, mama."

Baada ya hapo ilikuwa vita, na vita tamu. Kofia haikurudi kichwani. Kufikia saa kumi walikuwa wamebaki wawili tu, na waliraruana bila huruma, mama akimwibia chipu kwa vitisho, mkwe akizirudisha. Atieno, aliyekuwa amefika na gari la mchana, alimshangilia mama yake, kisha mumewe, kisha akaamua kumnyonyesha mtoto na kuacha mambo ya watu wazima.

Mwishowe Odoyo alisukuma kila alichokuwa nacho. Alikaa vile alivyokaa Ogwedhi mbele ya wanunuzi, kifua mbele, macho makavu. Mama Filgona alikuwa na jozi ya sita tu, karata ya kinyonge. Alimtazama. Akaegemea mbele akamtazama zaidi, kama anavyokagua samaki kwenye mashavu. Kisha akasema, "Nimekuja," akasukuma zake.

Odoyo hakuwa na kitu. Nne na tisa, takataka tupu! Alikuwa amejaribu kumwibia maro wake kwa vitisho mchana kweupe, mbele ya mwamuzi, mbele ya mke wake. Karata za mezani zikafunuliwa moja moja, hazikumsaidia. Jozi ya sita ikasimama.

Nilipiga kelele. Ndiyo, mimi, mwandishi, niliyeapa kutoshangilia. Nilitupa daftari juu, na lilimwangukia mtu wa watu. Nililia kidogo pia, na anayetaka kunicheka anicheke.

Wakampa kombe. Odoyo akasimama mbele yake, hajui mikono aiweke wapi, akacheka hadi akakaa chini. Mimi nikapenya katikati ya watu na peni, nikamuuliza mama swali tunalouliza washindi wote, anajisikiaje. Alinisogeza kando na kiwiko, akaweka kombe mezani, akafuta miwani kwa pindo la nguo.

"Nyar Taita, shika hiyo peni vizuri," alisema. "Andika: hakunipa. Nimechukua."